Kemia ya miaka miwili itanifikisha wapi?

Mwezi huu nimechagua barua nne, zote za kemia. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu aliyeiandika yuko mlangoni kujiandikisha, na muhula haumngoji mtu.

*Dada, shikamoo. Mimi ni Mkongo wa miaka 24, nimekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Nilimaliza sekondari kambini kwa mtaala wa Kongo, upande wa biolojia na kemia, na diploma yangu ya taifa ninayo. Nina miaka miwili Houston, nina grini kadi, usiku napakia maboksi kwenye ghala. Kemia naipenda tangu zamani, lakini tuliisoma ubaoni tu. Asidi tuliichora, hatukuwahi kuishika. Nataka kuisoma miaka miwili kwenye chuo cha jamii. Mjomba anasema cheti cha miaka miwili cha kemia hakina kazi, bora nisomee udereva wa lori. Rafiki yangu anasema mafundi wa kule kwenye mitambo ya mafuta wanalipwa vizuri sana. Nimsikilize nani? Na Kiingereza changu cha kuungaunga kitatosha? — Msomaji, Houston*

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeirudia mara mbili kwa ajili ya hiyo asidi mliyoichora. Shule yangu ya Tanga ilikuwa na bureti nne, ile mirija ya kioo ya kupimia vimiminika, kwa wanafunzi sitini, nami nikadhani hiyo ndiyo dhiki.

Mjomba na rafiki yako wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja anazungumzia cheti chake. Vyuo vya jamii (community colleges) vya hapa Texas vinatoa vyeti viwili vya miaka miwili ambavyo kwa jina ni kama mapacha. Cha kwanza ni Associate of Science, AS. Hiki ni nusu ya shahada: unasoma krediti 60, halafu unahamia chuo kikuu kumalizia miaka miwili iliyobaki. Ukiishia hapo na AS ya kemia mkononi, waajiri wengi watakuuliza mbona hukuendelea, na hicho ndicho anachokiogopa mjomba. Cha pili ni Associate of Applied Science, AAS. Hiki ni cha kazi, kimetengenezwa ili mtu amalize aajiriwe. Ubaya wake unaonekana siku unapotaka shahada: masomo yake mengi ya ufundi chuo kikuu hakiyapokei, na unaweza kujikuta unaanza kemia upya na miaka yako 28. Vyote viwili vinatolewa kwenye jengo moja, dirisha moja, na mtu wa dirishani hatakueleza tofauti usipomuuliza.

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu limenipata. Mwaka 2010 mshauri wa masomo wa chuo ambacho sitakitaja alisikiliza Kiingereza changu dakika mbili, akaniandikisha CHEM 1405. Nilipata A. Nikampigia mama Tanga usiku ule ule, tukafurahi pamoja. Muhula uliofuata ndipo nikaambiwa kuwa kozi ile ni ya wasiosomea sayansi, haihesabiki kwenye shahada ya kemia, nirudi nikaanze CHEM 1411. Miezi minne yangu, na ada niliyoipata kwa kufua mashuka ya hoteli, vyote vikapotea hivyo.

Tangu hapo namba ya kozi naisoma kama ninavyosoma kibandiko cha chupa ya asidi. Karibu vyuo vyote vya Texas vinatumia mpango mmoja: tarakimu ya kwanza ni mwaka wa masomo, ya pili ni idadi ya krediti. CHEM 1411 ni kemia ya jumla ya mwaka wa kwanza, krediti 4, kwa kawaida saa tatu za darasani na saa tatu za maabara kila wiki. Inafuata 1412. Mwaka wa pili ni kemia ya kaboni, ile wanayoiita oganiki, 2423 na 2425. Vyuo vingine huitenga maabara na kuandika 1311 na 1111, lakini ni kitu kile kile. Kwa mtu wa kuhamia chuo kikuu, hizo nne ndizo uti wa mgongo, pamoja na kalkulasi na fizikia inayotumia kalkulasi. Ukiona mtu anakuandikisha 1405 au 1406, msimamishe, umuulize kwa nini.

Sasa habari ya kazi zenyewe, maana hapo ndipo watu wanapodanganyana. Bila shaka umepita Pasadena au Deer Park usiku, ukaona ile mitambo inavyowaka taa kama mji. Imejipanga kando ya mfereji wa meli wa Houston, na inahitaji watu wa aina mbili waliosoma miaka miwili. Wa kwanza ni opereta, ambaye ndiye anayesemwa na rafiki yako. Huyu anasomea AAS ya uendeshaji wa mitambo ya kemikali, wenyewe wanaiita P-tek. San Jacinto College kule Pasadena na Lee College kule Baytown wanaifundisha. Kemia imo, lakini si nyingi. Zaidi utajifunza pampu, vali, minara ya kutenganisha mafuta kwa joto, na vyombo vya kupima mkandamizo. Mshahara ni mzuri, rafiki yako hajakosea. Lakini zamu ni za saa 12, mara mchana mara usiku, Krismasi na Idi zikukute kazini, na ngazi za nje unazipanda kwenye jua la Agosti. Watakupima dawa za kulevya, na kwa viwanda vya bandarini utahitaji kadi ya usalama ya TWIC. Kijana aliyezoea kupakia maboksi usiku anaiweza kazi hiyo. Ila usiende huko ukidhani unaifuata ile kemia uliyoipenda.

Wa pili ni fundi sanifu wa maabara. Opereta anachota sampuli kwenye bomba, huyu anaipima: usafi wake, uzito wake, ina maji kiasi gani. Mtambo mzima unamngoja yeye atoe jibu. Takwimu za Wizara ya Kazi ya Marekani za mwaka 2023 zilimweka fundi sanifu wa kemia wa katikati, yaani nusu ya wenzake wanapata zaidi na nusu pungufu, kwenye dola 56,000 na ushei kwa mwaka. Kuna anayeanza chini ya hapo sana, na kuna wa zamu za usiku anayepita juu yake.

Halafu kuna maabara za maji ya kunywa, ambako mimi nina miaka 11 ya kazi. Kila kijana mpya anayeletwa kwangu ninampa chupa za kuchukulia sampuli za bakteria. Chini ya kila chupa kuna chengachenga nyeupe kidogo tu, kama chumvi iliyosahaulika. Wengi, kwa malezi mema waliyopata nyumbani, wanadhani chupa ni chafu, wanaisuuza. Zile chenga ni sodiamu thiosulfeti. Kazi yake ni kuimaliza klorini iliyomo majini pale pale bombani. Isipomalizwa itaendelea kuua bakteria njiani, chupa ifike kwetu haina kitu, na sisi tuwaandikie watu kwamba maji yao ni salama wakati hatujui. Aliyesuuza chupa ameshatoa jibu la uongo kabla kipimo hakijaanza. Na hicho kinachotokea chupani, thiosulfeti kuipa klorini elektroni, ndiyo oksidesheni na ridaksheni mliyoichora ubaoni Nyarugusu. Unaijua tayari. Kilichobaki ni kuipa mikono.

Kwenye maji pia unaweza kuanzia chini. Tume ya mazingira ya jimbo, TCEQ, inatoa leseni za waendesha mitambo ya maji kuanzia daraja D hadi A. Daraja D inataka cheti cha sekondari, mafunzo mafupi na mtihani. Kwa madaraja ya juu, masomo ya chuo yanaweza kuhesabiwa badala ya sehemu ya miaka ya uzoefu wanayoidai.

Kiingereza. Azote yenu huku inaitwa nitrojeni, na alama ni N ile ile. Hayo majina utayazoea kwa wiki mbili tatu. Kinachowaumiza waliosoma kwa Kifaransa ni kitu kidogo kuliko majina, nacho ni mkato. Mlifundishwa kuandika mbili na nusu hivi: 2,5. Huku ni 2.5, na mkato unatenga maelfu. Niliwahi kumsaidia mwanafunzi mmoja Mkongo ambaye kwenye daftari la maabara aliandika gramu 1,250 akimaanisha gramu moja na robo. Mwenzake wa meza akasoma kilo moja na robo, akaenda kuomba chumvi kwa msimamizi. Daftari la maabara linaandikwa kwa wino, halifutwi, na mwingine ndiye anayelifuata. Anza leo kuandika nukta, hata kwenye orodha yako ya sokoni, mpaka mkono usahau mkato.

Kabla ya masomo utafanya mtihani wa TSI wa Kiingereza na hesabu. Ipiganie hesabu, kwa sababu 1411 inadai aljebra ya chuo. Ukipungukiwa Kiingereza watakuweka kwenye madarasa ya lugha. Yasome sambamba na aljebra, usiache muhula ukapita hivi hivi.

Fedha: kwa kuwa una grini kadi, jaza FAFSA, fomu ya serikali ya kuombea msaada wa masomo, upate ruzuku ya Pell, ambayo hutakiwi kuirudisha. Kwa mwaka wa masomo 2025-26 kiwango chake cha juu ni dola 7,395, na kwa chuo cha jamii hiyo mara nyingi inalipa ada na kubakiza ya vitabu. Lakini ruzuku hiyo ina kikomo, sawa na mihula 12 ya kusoma muda wote, maisha yako yote. Muhula unaoutupa kwenye kozi isiyohesabika unakatwa humo humo. Muhula ule wangu wa 1405 ningeupata leo ningemalizia nao shahada bila mkopo.

Ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja, ningekushika mkono tuanzie University of Houston-Clear Lake, si kwenye chuo cha jamii. Pale tungeomba kwa maandishi orodha ya kozi wanazozipokea kwa shahada ya kemia, ndipo tuende nayo chuo cha jamii, tumwekee mshauri mezani. Diploma yako ya Kongo tungeipeleka kwa mfasiri anayetambulika. Kisha ungeandikishwa 1411, kwa sababu hiyo kwa kawaida inakubalika pande zote, AS na AAS. Ukimaliza muhula huo utakuwa umeshika bureti, umejua kama saa tatu za kusimama maabara zinakuchosha au zinakupa raha, na uamuzi utaufanya ukiwa na kitu mkononi. Mjomba usibishane naye. Mwambie ghala huachi mpaka muhula wa kwanza uishe, kwa sababu hofu yake ni kodi ya nyumba, na hofu hiyo ni ya haki.

*Mwanangu, salamu kutoka Arusha. Binti yangu amemaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na biolojia), ufaulu wake si mbaya. Nimeambiwa vyuo vya jamii Marekani ni vya bei nafuu. Nimtume akasome kemia huko? — Baba wa mabinti watatu*

Shikamoo baba. Unafuu unaosikia ni wa wakaazi. Binti akija kwa viza ya mwanafunzi, F-1, ada yake ni ya mgeni, ambayo ni mara kadhaa ya ile wanayolipa majirani zangu hapa. Ruzuku ya Pell hapewi. Lazima asome muda wote, krediti 12 kwa muhula. Wakati wa masomo kazi ni ndani ya chuo tu, isiyozidi saa 20 kwa wiki, na nafasi hizo hugombewa. Kodi, chakula na bima ni juu yako, na kabla ya kumpa karatasi za viza chuo kitataka kuona kwenye taarifa ya benki kwamba fedha hizo unazo. Nimeona mabinti wazuri kabisa wakikwama muhula wa tatu kwa sababu shilingi ilishuka au ng'ombe waliouzwa hawakutosha.

Kama kinachotafutwa ni kemia, nakusihi uangalie nyumbani kwanza. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, inafundisha sayansi na teknolojia ya maabara kwa ngazi ya diploma, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada za kemia. Na kazi zipo za majina unayoyajua: maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Shirika la Viwango, mamlaka za maji, viwanda vya bia, saruji na sabuni. Shahada ya kwanza aipate huko. Akifaulu vizuri aje huku kwa shahada ya juu, ambako idara nyingi za kemia humlipa mwanafunzi wa uzamivu posho na kumsamehe ada kwa kufundisha maabara. Mlango huo ndio wa nafuu hasa, na wazazi wengi hawajaambiwa.

*Dada, mimi ni mtu wa Mombasa, niko Dallas, miaka 41, ni msaidizi wa wauguzi. Nataka kutoka kwenye kuinua wagonjwa, mgongo umechoka. Nawaza famasia au maabara ya hospitali. Umri wangu bado unaniruhusu? — Mama wa watoto wawili*

Bado, mwenzangu, tena sana. Nilipokuwa chuo, mwanafunzi aliyetushinda wote darasa la oganiki alikuwa bibi wa miaka 53.

Lakini hizo njia mbili usizipime kwa mizani moja. Famasia ni daktari wa famasia kamili: karibu miaka miwili ya masomo ya msingi, ambayo chuo cha jamii kinatosha kabisa kuyasoma, pamoja na kemia ya jumla na oganiki zote mbili, kisha kwa kawaida miaka minne ya shule ya famasia yenyewe, ambayo ni ghali. Mtihani wa kuingilia, PCAT, ulifutwa mwaka 2024, hivyo huo usikutishe. Msaidizi wa famasia dukani ni kazi nyingine kabisa, haidai kemia, na mshahara wake hautakutoa mbali na ulipo.

Kwa mgongo wako na watoto wawili, ningeelekea maabara ya hospitali. Kinaitwa Medical Laboratory Technician, MLT, miaka miwili. Hakikisha programu ina ithibati ya NAACLS, shirika linalokagua programu za maabara za hospitali, kwa sababu bila hiyo njia ya mtihani wa ASCP, ule wa cheti cha kazi, inakuwa ndefu, na hospitali nyingi ndio zinaoutaka. Uliza pia hospitali unayofanyia kazi kama inalipia masomo ya wafanyakazi. Nyingi zinalipia, na fomu imelala kwa mtu wa rasilimali watu, haiombwi.

*Dada, assalamu alaykum. Maabara yetu ya kwanza ya kemia ni wiki ijayo, niko Columbus, Ohio. Navaa hijabu na sketi ndefu. Watanikatalia? — Mwanafunzi mpya*

Waalaykumu ssalamu, mdogo wangu. Hawakukatalii, ila mavazi lazima yakubaliane na moto na asidi. Mimi nimevaa ushungi maabara miaka yote hii. Chagua wa pamba, si poliesta, kwa sababu poliesta ikishika moto inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Ncha zote ziingie ndani ya koti la maabara, kisha ufunge vifungo mpaka juu, kusiwe na kitambaa kinachoning'inia mbele ya mshumaa wa gesi. Miwani ya kinga ivaliwe juu ya ushungi, ukanda wake ukaze nyuma ya kichwa. Jaribu nyumbani kwa saa nzima, kwa sababu miwani inayoteleza ndiyo inayomfanya mtu aivue. Sketi ndefu inafaa kama haiburuzi na haina upana wa kukumba chupa mezani. Chini vaa suruali ya pamba. Viatu vifunike mguu wote, na visiwe vya kitambaa.

Na kama unafunga ushungi kwa vile vibanio vya sumaku vinavyouzwa sasa, vibadilishe kwa pini zisizovutwa na sumaku siku za maabara. Mwaka wa pili, kwenye oganiki, mtapelekwa kwenye mashine ya NMR, ya kuchunguza muundo wa molekuli, ambayo ndani yake ni sumaku kubwa mno isiyozimwa usiku wala mchana. Mlangoni wataulizia funguo, simu na kadi za benki. Vibanio vya ushungi hawatavikumbuka kukuuliza.